Ufunguo wa Sabuni

Kufuli lilipofunguka lilitoa harufu. Ukisikia hivi kwa haraka hutaona kuwa ni jambo. Kufuli hutoa kutu, hutoa mafuta, likizeeka sana hutoa mende. Lakini hili, dogo la kuenea kiganjani, lilitoa harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi: godoro, vumbi, nguo za mtu ambaye hayupo tena. Binti aliinua uso akamtazama mteja aliyelileta. Mteja akatabasamu.

"Una mkono wa baba yako," alisema.

Maneno matano tu. Lakini kwa miezi minne hakuna mtu aliyemtajia binti huyu baba yake isipokuwa kwa kumpa pole, na pole nazo zilikuwa zimeshakwisha, kila mtu amerudi kwenye shughuli zake. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alijikuta analia mbele ya mtu asiyemjua hata jina, bisibisi mkononi, pua inamtiririka, na yule mteja hakusema nyamaza. Alivuta kigoda cha baba, akakaa, akamwacha alie mpaka mwisho.

Baba yake alikuwa fundi funguo. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la vioo na benchi la fundi viatu, na humo ndimo alimofia, mchana kweupe, tupa mkononi, kifua kimeegemea jiriwa la kubania funguo. Daktari alisema moyo. Mama, aliyekuwa mpishi wa shule, alitoka mazishini akalala akigeukia ukuta, na tangu siku hiyo ukuta ndio aliouona zaidi ya mwanawe. Shule zilipofungwa, binti alichukua ufunguo wa kibanda akaenda kukifungua. Watu wa mtaani walimsifu kwa ushujaa. Ukweli ni kwamba nyumbani palikuwa hapakaliki.

Kazi aliijua. Alianza kuchezea tupa akiwa na miaka saba, na baba akamwita Fundi Mdogo, akamfundisha yote pamoja na miiko yake. Mwiko mkubwa ulikuwa mmoja: hukati ufunguo ambao hukuushika wala mlango wake hukuuona. Wezi hugandamiza ufunguo wa mtu kwenye kipande cha sabuni, alama ikabaki, wakamletea fundi alama hiyo awachongee mwingine. Baba akiletewa sabuni alimtimua mtu kwa matusi ambayo mama hakujua kama mumewe anayajua.

Mteja yule alirudi kesho yake saa nane mchana, na keshokutwa saa nane mchana, saa ile ya joto ambayo hata mbwa hutafuta mvungu. Alikuwa mtu mzima, mvi zimemshika pembeni, sauti ya chini, adabu tele. Alivaa koti zito la kijivu na hakutoka jasho hata tone. Fundi viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Soli, alimpachika jina la Bwana Koti na kumcheka.

"Huyo anaatamia mayai humo ndani," alisema. "Subiri tutaona vifaranga."

Binti hakucheka. Alishaanza kuona kwamba utani wa Mzee Soli ni wa kitoto.

Kila Bwana Koti alipokaribia, funguo zilizoning'inia kwenye misumari zilianza kugongana, taratibu, bila upepo, kama watu wanaonong'onezana. Mwanzoni zilimshtua. Baadaye alizisubiri. Maana huyu mtu alimsikiliza! Alimuuliza baba alikuwa akichekea nini, alikuwa akipenda chai ya namna gani, alimwambia nini asubuhi ile ya mwisho. Na siku moja, akiwa amekaa kwenye kigoda, alipiga mluzi. Ulikuwa mluzi wa baba wa kufanyia kazi, ule usio na mwanzo wala mwisho, wenye noti moja ya kukosea katikati.

"Umeujulia wapi?" binti aliuliza.

"Nilimfahamu. Bado namfahamu." Aliinama mbele kidogo. "Lakini haya ni yetu wawili. Watu hawataelewa. Watasema umechanganyikiwa kwa msiba."

"Hata mama nisimwambie?"

"Mama yako hakuoni, mwanangu. Mara ya mwisho kukutazama usoni ni lini? Mimi nakuona."

Na hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Hivi ndivyo wanavyofanya walaghai, wenye miili na wasio na miili: hawakuanzii na uongo. Wanakutafutia ukweli mmoja unaouma, wanauketia hapo hapo, na baada ya hapo kila wanalosema unalipokea kwa mikono miwili.

Rafiki yake wa shule aliyekuwa akipita jioni kumsalimia aliambiwa ana kazi nyingi. Mzee Soli alijibiwa kwa kichwa tu. Shangazi alipokuja kutazama wanaendeleaje, binti aliponyokwa na neno moja, kwamba kuna rafiki wa baba anakuja kumliwaza. Kesho yake saa nane Bwana Koti hakutokea. Wala keshokutwa. Aliporudi aliketi kwenye kigoda akasema kwa upole, bila hasira yoyote, "Ulisema," na binti akaomba msamaha mpaka sauti ikamkauka. Hakujua anaomba msamaha kwa kosa gani. Alijua tu kwamba siku zile mbili chakula hakikupita kooni.

Ndipo sabuni ikaja.

Ilifungwa kwenye leso nyeupe, kipande cha sabuni ya kufulia, na ndani yake alama ya ufunguo imezama vizuri, kila jino mahali pake.

"Kuna mlango mmoja unanizuia," Bwana Koti alisema. "Nikatie huu. Jua likizama, utamsikia baba yako mlangoni."

Binti aliitazama sabuni, mikono akaiweka nyuma. "Baba alikataza hizi."

"Alikataza wezi. Mimi ni mwizi?"

"Sikusema hivyo..."

"Basi." Alisimama, akafunga leso yake polepole. "Nilidhani nazungumza na mtu mzima. Kumbe nilikosea."

Safari hii alipotea siku tatu. Siku ya kwanza binti alijifanya hajali. Siku ya pili aliongea peke yake. Siku ya tatu alikata vibaya funguo mbili za wateja, akakaa chini ya meza ya kibanda magoti yamekumbatiwa, akinusa kigoda kama kimebaki na ile harufu ya chumba kilichofungwa, na aliisikia ipo, imekolea, imeingia mpaka kwenye mbao, akapumua humo kwa faraja. Siku ya nne saa nane funguo zilipogongana kwenye misumari alitoka mbio, akanyoosha mkono kabla hata salamu haijatoka, akasema, "Lete."

Alifanya kazi kwa mkono, kwa tupa, vile alivyofundishwa, mpaka jua likaanza kushuka. Alama kwenye sabuni huwa imepinduka, kushoto kwenda kulia, kama maandishi kwenye kioo. Ndiyo maana hata fundi anaweza kuchonga ufunguo anaoufahamu toka utotoni asiutambue mpaka mwisho. Jino la kwanza. La pili. La tatu lilikuwa fupi kupita kiasi kwenye sabuni, na kwenye shaba likatoka fupi vile vile, na hapo mkono wake ukasita. Aliutoa ufunguo kwenye jiriwa, akaupuliza unga wa shaba, akaugeuza kwenye mwanga.

Ulikuwa wa nyumbani kwao. Lile jino fupi baba alilikosea mwenyewe mwaka waliohamia, mama akamtania kuwa fundi wa watu wote isipokuwa mkewe, na hakulibadilisha kamwe.

Ningependa kusema kwamba binti hakuelewa. Alielewa. Alisimama pale, ufunguo bado una joto la tupa, akaelewa kuwa mtu huyu anataka kuingia nyumbani mwao, alimolala mama yake. Na akaelewa pia kwamba akikataa atarudi kwenye ile nyumba kimya kimya, siku zote, bila baba, bila huyu, na hilo hakuliweza.

Akampa.

Bwana Koti aliupokea kwa leso, bila kumgusa vidole, hajawahi kumgusa hata siku moja. "Fundi Mdogo," alisema, jina ambalo binti hakuwahi kumwambia. Akaondoka. Funguo ukutani zilinyamaza ghafla, zote kwa pamoja.

Mzee Soli alikuwa amesimama nyuma ya benchi lake, kiatu cha mtu mkononi, na safari hii hakuwa na utani.

"Binti yangu, usinikasirikie. Njoo hapa."

"Nina kazi, mjomba."

"Nimetazama miguu ya watu miaka thelathini," Mzee Soli alisema kwa sauti ya chini, akitupia macho njiani. "Uso wa mtu unaweza kunidanganya, kiatu hakinidanganyi. Mtu akitembea, ngozi hukunjika hapa, vidole vinapopinda. Hata kiatu cha jana kina kunjo. Mwezi mzima huyo anakuja hapa kwa miguu, viatu ni vile vile, na havina kunjo hata moja. Leo nimeinama kabisa nikatazama. Soli haina vumbi." Alimeza mate. "Huyo hatembei."

Binti aligeuka akatazama njia aliyoondokea Bwana Koti.

"Umempa nini?"

"Ufunguo."

"Wa wapi?"

Binti alinyoosha kidole upande wa nyumbani kwao.

Mzee Soli alikaa chini kwenye benchi lake kama aliyesukumwa. "Ni yeye basi. Wiki ile ya mwisho baba yako aliniambia kuna mteja anamsumbua saa nane mchana, saa ambazo wakati ule nilikuwa nikienda kulala nyumbani, simkuti. Anataka akatiwe ufunguo wa nyumba ya fundi mwenyewe. Mimi nikacheka. Baba yako hakucheka. Alisema vitu vya namna hiyo haviingii kwa watu mpaka mtu wa nyumba ile avikatie njia kwa mkono wake. Alimkatalia mara tatu. Mara ya tatu ndiyo siku tuliyomkuta kwenye jiriwa."

Binti hakusubiri la zaidi. Alikwapua mfuko wa vifaa, akakimbia.

Mlango wa nyumba yao ulikuwa na kitasa kimoja. Komeo la ndani lilivunjika zamani. Baba, fundi wa kufuli za mtaa mzima, alikuwa akisema kila wiki kuwa atalitengeneza. Binti aliingia, akafunga, akapiga magoti. Jua lilikuwa limeshagusa paa la jirani. Njia ilikuwa moja tu: kuutoa moyo wa kitasa, kuvipanga upya vile vijiti vidogo vya shaba vilivyomo ndani, ili ufunguo ule na ndugu zake wote wasifungue tena.

Alilegeza skrubu, akauchomoa. Mlangoni likabaki tundu la ukubwa wa sarafu, na mwanga wa jua ukapita humo ukaanguka sakafuni, duara dogo jekundu. Alimwaga vijiti kwenye kiganja. Sita. Kimoja kikaruka, akakitafuta kwa vidole chini ya mkeka, akakipata, akapachika cha kwanza, akapachika cha pili, akasikia huko nje kimya kinaingia mtaani, kwanza watoto waliokuwa wakicheza, kisha redio ya jirani, kisha kuku, kila kimoja kikikatika katikati kana kwamba kimezibwa mdomo, na alipoinamisha macho kutafuta cha tatu lile duara la mwanga sakafuni halikuwepo tena.

Tundu lilikuwa limezibwa kwa upande wa nje. Hakutazama. Harufu ilikuwa inaingia kupitia humo, ile ile, godoro na vumbi na nguo za mtu ambaye hayupo, na pamoja nayo ukaja mluzi, mwembamba, wenye noti yake moja ya kukosea.

"Fundi Mdogo," sauti ya baba ilisema. "Nimechoka, mwanangu. Acha hivyo vitu. Nifungulie nipumzike."

Alipachika cha tatu. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanaangukia shaba, na kila alipofuta macho sauti ile ilimwita tena, si kwa ukali, bali kama ilivyomwita asubuhi za shule, ikimwambia nje kuna baridi, ikimwambia kifua bado kinauma, ikimuuliza kwa nini amechukua kigoda chake akampa mtu mwingine, na alipachika cha nne na cha tano huku akijisikia kwamba anamzika baba yake kwa mara ya pili na safari hii kwa mikono yake mwenyewe.

Nyuma yake mlango wa chumbani ulilia.

Mama alikuwa amesimama. Miezi mitano binti aliomba mama asimame, na sasa alisimama, nywele timutimu, shuka begani, na usoni mwake kulikuwa na furaha ambayo binti alikuwa ameisahau.

"Amerudi," mama alinong'ona. "Unamsikia? Mfungulie!"

"Mama, rudi ndani."

"Mke wangu," sauti ilisema tunduni.

Mama alikuja mbio. Binti alimshika kiuno kwa mkono mmoja, kijiti cha sita kimo kati ya meno yake, wakaanguka wote wawili mlangoni, na mama alikuwa na nguvu za kutisha kwa mtu ambaye hakuwa akila.

"Si baba!" binti alisema, akakitema kijiti kiganjani. "Mama, nisikilize. Baba amewahi kubisha hodi lini? Hata alipopoteza ufunguo usiku ule wa mvua, alikuombaje?"

Mama alihema. "Hakuniomba," alisema polepole. "Alifungua kwa uma."

"Basi huyo anayeomba ni nani?"

Mikono ya mama ililegea. Alianza kulia, kilio ambacho hakukilia hata makaburini, na binti akapachika kijiti cha sita, akausukuma moyo wa kitasa mahali pake, akaikaza skrubu mpaka bisibisi ikateleza. Mara hiyo hiyo ufunguo uliingia kutoka nje. Waliusikia ukipita jino kwa jino. Ukajaribu kuzunguka. Ukagoma. Ukajaribu tena, kwa nguvu, mlango mzima ukatikisika kwenye bawaba zake, kisha ukatulia.

"Nilimkatia mimi, mama," binti alisema. "Ufunguo. Nilijua ni wa kwetu na nikampa. Nisamehe."

Mama alimshika kichwa akakilaza kifuani. Alikuwa anafungua mdomo kumjibu.

"Mama?"

Sauti ilitoka nje ya mlango. Haikuwa ya baba. Ilikuwa ya msichana, inatetemeka, imekauka kwa kukimbia.

"Mama, ni mimi. Natoka kibandani, ufunguo wangu haufungui. Mama, una nani humo ndani?"

Binti aliisikia sauti yake mwenyewe ikilia, na ililia vizuri kuliko yeye. Akainua uso. Mama alikuwa akimtazama. Alimtazama paji la uso, macho, mdomo, kwa makini, kama mtu anayesoma barua asiyoiamini, na nje sauti ile ilikuwa ikisema, "Mama, usimguse, njoo huku kwangu, mama yangu, nakuomba."

Kisha mama akamkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu zake zote, mpaka nje pakanyamaza na redio ya jirani ikaendelea pale ilipokatikia. Lakini alimtazama kwanza.

Asubuhi ufunguo ulikutwa kizingitini, meno yote yamesagika. Shangazi alimleta mganga, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi, ambaye alipita kila chumba akinusa, akagusa dari, akagusa mlango, akatikisa kichwa.

"Hakuingia," alisema. "Kaeni kwa amani."

"Una hakika?" mama aliuliza. "Vyumba vyote?"

"Vyote."

"Na watu?"

Mganga alicheka akidhani ni utani.

Mama alipona, hilo tuseme kwa haki. Alirudi kazini, alikula, alizungumza. Asubuhi wakinywa chai alimuuliza binti maswali madogo ya zamani, kwa sauti ya mchezo. Mwalimu wako wa kwanza alikuwa nani? Ulipoungua mkono nilikupaka nini? Binti alijibu kwa raha, maana baada ya miezi yote ile mama alikuwa anataka kuongea. Ilimchukua wiki mbili kugundua kwamba mama hanywi chai yake mpaka jibu litoke.

Siku moja mama aliuliza jina la paka waliyekuwa naye kwenye nyumba ile ya zamani. Binti alifikiri. Alikuwa na miaka mitatu wakati ule.

"Sikumbuki, mama," alisema.

"Haya," mama alijibu, "si kitu." Akainuka, akaosha kikombe chake kilichojaa.

Jioni ile alimfuata binti jikoni akasimama mlangoni, mikono imefumbatwa, macho chini.

"Mwanangu, naomba kitasa," alisema. "Cha mlango wa chumba changu. Cha kufungia kwa ndani."

Binti hakuuliza kwa nini. Alikifunga usiku huo huo, akakikaza vizuri, akakijaribu mara tatu kama alivyofundishwa, kisha akampa mama funguo zote mbili, akaenda kulala.